Orodha ya programu ni mali ya ushirika, isilale ndani ya kompyuta moja

WAKATI wadau wa zao la korosho mkoani Mtwara wakielekeza macho kwenye bei ya mnada, makato katika mjengeko wa bei na upatikanaji wa pembejeo, kuna jambo moja ambalo ni nadra kupewa nafasi katika ajenda za mikutano mikuu ya vyama vya msingi. Jambo hilo ni usalama wa kompyuta inayotunza hesabu za mkulima, na hasa programu zilizomo ndani yake.

Kwa haraka haraka, suala la programu za kompyuta linaonekana ni la wataalamu wa Dar es Salaam, lisilo na uhusiano wowote na mkulima wa Nanyamba anayepambana na ubwiriunga na gharama za palizi. Mtazamo huo si sahihi.

Katika mfumo wa sasa wa kuuza korosho, mkulima hapokei fedha pale anapopima. Anapokea karatasi. Baada ya hapo jina lake, kilo zake na namba yake ya akaunti ya benki huanza safari ya kutoka meza moja hadi nyingine. Safari hiyo ikikwama popote, fedha nazo hukwama.

Ikumbukwe kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani uliwekewa msingi na sheria ya mwaka 2005, na ukaanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, chama husafirisha mzigo huo hadi ghala kuu, chama kikuu husimamia mnada, mnunuzi hulipa, na fedha hurudi kwa mkulima kwa kufuata orodha iliyoandaliwa na chama cha msingi. Uhai wa mfumo wote upo kwenye orodha hiyo.

Msimu wa 2018/2019 ulitoa somo kubwa. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wakulima kugomea bei za wanunuzi, na Jeshi la Wananchi likaingia kazini kusomba mzigo. Bei ilikuwa nzuri. Hata hivyo, kabla ya kulipwa, wakulima walilazimika kuhakikiwa ili kumtenganisha mwenye shamba na mfanyabiashara wa kangomba, na wapo waliosubiri fedha zao hadi ndani ya mwaka 2019. Wakati wa uhakiki kama ule, chama chenye kumbukumbu zinazofunguka na kusomeka huwatetea wanachama wake. Chama chenye kumbukumbu zisizofunguka huwaacha wanachama wake wajitetee wenyewe.

Tangu wakati huo mzigo umeongezeka na makaratasi yamepungua. Uzalishaji wa korosho nchini, ambao msimu wa 2017/2018 ulivuka tani 300,000, ulipita tani 500,000 msimu wa 2024/2025. Msimu huo huo minada ilianza kuendeshwa kwa njia ya mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Aidha, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU. Ni dhahiri kuwa kompyuta ya chama cha msingi si pambo tena. Ni kitendea kazi kama ulivyo mzani.

Kwa nini Linux

Kompyuta nyingi za ofisi ndogo nchini zimekuwa zikitumia mfumo endeshi wa Windows, na si zote zenye leseni halali. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Tarehe hiyo iliangukia katika mwezi ambao korosho za Mtwara huanza kuingia maghalani. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, hivyo mwenye kompyuta hubaki na njia tatu: kununua mashine mpya, kuendelea na mfumo ambao mashimo yake ya kiusalama hayazibwi tena, au kuhamia kwenye Linux.

Kwa ofisi yenye kipato kidogo, njia ya tatu ina mantiki ya kiuchumi. Linux haidai ada ya leseni, na mashine ya miaka kumi iliyopita bado inaweza kufanya kazi za kuandika barua, kujaza majedwali na kuchapisha risiti.

Wala Linux si mgeni katika nchi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili chini ya mradi wa Kilinux. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alizindua Ubuntu, aina ya Linux yenye jina la Kiafrika lenye maana ya utu. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011 mtu aliyekuwa popote duniani aliweza kuomba CD ya Ubuntu na akatumiwa kwa posta bila malipo.

CD ile ilikuwa na takriban megabaiti 700 tu, na programu za msingi zote zilikuwa humo. Leo faili la kusimika Ubuntu ya mezani linakaribia gigabaiti 6, na baada ya kulisimika bado kompyuta hutegemea intaneti kuleta masahihisho na programu za ziada. Waliotengeneza mfumo huu waliona intaneti kuwa kitu cha kawaida kama maji ya bomba. Nanyamba kunakotegemewa bando la simu, intaneti ni kama maji ya kununua kwa ndoo.

Hasara isiyoonekana

Chukua mfano wa ofisi ya chama cha msingi yenye kompyuta moja, printa moja na karani mmoja. Ndani ya kompyuta hiyo kuna programu ya majedwali, kisomeo cha faili za PDF, kivinjari cha kuingilia mifumo ya Serikali na ya benki, dereva ya printa, programu ya kusoma mashine ya kuskani vitambulisho, na programu ya kufunga faili kwa nywila. Zote ziliwekwa na fundi kijana aliyepita miaka miwili iliyopita, na sasa yuko Dodoma.

Mwezi wa Desemba radi inapiga na kompyuta inaungua diski. Desemba ni mwezi wa mvua kusini, na ndio huo huo mwezi wa malipo. Karani ni mwangalifu, kumbukumbu za wakulima alikuwa amezihifadhi kwenye flashi. Mwenyekiti anashusha pumzi. Inanunuliwa diski nyingine, Linux inawekwa upya, flashi inachomekwa.

Hapo ndipo tatizo linapojitokeza. Kumbukumbu zipo, lakini risiti hazichapishiki kwa sababu dereva ya printa haimo. Faili la akaunti za benki lilifungwa kwa programu ambayo hakuna anayekumbuka jina lake. Fundi anapigiwa simu, hapatikani. Mwingine anatafutwa Mtwara mjini, naye anaanza kubahatisha: hiki kilikuwapo, hiki hakikuwapo. Kila kubahatisha ni bando, na kila siku inayopita ni siku ya mkulima kurudi nyumbani mikono mitupu.

Gharama ya siku hizo haionekani kwenye taarifa ya mapato na matumizi ya chama, lakini ipo. Ifanyiwe hesabu ya mfano tu. Chama kina wakulima 600. Malipo yanachelewa wiki moja katika kipindi ambacho wazazi wanatafuta ada na sare kwa ajili ya Januari. Mkulima mmoja kati ya kumi, yaani wakulima 60, anashindwa kusubiri, na kila mmoja anauza kilo 80 za mzigo uliobaki nyumbani kwa kangomba, akipoteza shilingi 1,000 kwa kila kilo. Hasara ya wakulima hao ni shilingi 4,800,000. Fedha hizo zinatosha kununua kompyuta zaidi ya moja.

Wanauchumi huita hasara ya namna hii gharama iliyohamishwa. Aliyezembea ni ofisi, anayelipa ni mwingine. Kwa kuwa ofisi hailipi, haina haraka ya kujirekebisha. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachwa kwa hisani ya karani.

Jina la mche, si mti mzima

Kinga ya tatizo hili ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani, na mkulima wa korosho anaweza kuielewa kabla ya mtu wa mjini.

Mkulima anayetaka kupanua shamba kwa miche bora ya Naliendele haking'oi kile kilichopo akakibeba mgongoni. Anachohitaji ni jina la aina ya mche na kitalu kinachouza miche iliyobebeshwa ya aina hiyo. Akiwa na jina sahihi na kitalu cha kuaminika, shamba la pili litazaa kama la kwanza.

Linux imejengwa kwa utaratibu unaofanana na huo. Programu husambazwa kama vifurushi, kila kifurushi na jina lake, na vyote hutunzwa kwenye maghala yanayofikiwa kwa intaneti. Debian, mradi ulioanza mwaka 1993 na ambao Ubuntu imetokana nao, una makumi ya maelfu ya vifurushi vya aina hii. Mwenye kompyuta halazimiki kuhifadhi programu zenyewe moja moja. Anatakiwa kuhifadhi orodha ya majina yake.

Amri ya dpkg --get-selections huorodhesha kila kifurushi kilichomo ndani ya kompyuta ya Debian au Ubuntu. Kompyuta ya ofisi inaweza kuwa na vifurushi 2,000, na bado orodha yake nzima haifiki kilobaiti 100, ukubwa ulio mdogo kuliko picha moja ya simu. Inaingia kwenye flashi, inatumika kwa barua pepe, na hata kuchapishwa inachapishika.

Ipo amri nyingine, apt-mark showmanual, ambayo kwa ofisi ndogo ina manufaa zaidi. Hii huacha vifurushi vilivyojiingiza vyenyewe kwa kuwa vinategemewa na vingine, na hutaja hasa vile vilivyochaguliwa, ama na mtu ama na mfumo siku ya kusimikwa. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu toleo moja la Linux likipisha jingine, vifurushi vidogo vya ndani hubadilishwa majina, wakati programu kubwa zinazotumiwa na watu mara nyingi hubaki na majina yale yale. Anayehama na orodha fupi huhama vizuri kuliko anayehama na orodha ndefu.

Siku kompyuta mpya inapofika, fundi huisomesha amri ya apt-get install orodha hiyo, na mashine huanza kuvuta programu zote bila mtu kubahatisha. Kazi iliyokuwa ya siku kadhaa huwa ya saa chache.

Mambo ambayo orodha haiyabebi

Hata hivyo, ni makosa kudhani kwamba orodha peke yake inatosha. Yapo mambo manne ambayo yamewaumiza wengi.

Kwanza, orodha hutaja jina la programu, haitaji mipangilio yake. Printa iliyoelekezwa kuchapisha risiti nusu ukurasa itarudi kuchapisha ukurasa mzima. Mipangilio ya mfumo hukaa kwenye folda iitwayo /etc, na ile ya mtumiaji hukaa kwenye folda yake mwenyewe. Folda hizo mbili zinatakiwa kunakiliwa pamoja na orodha.

Pili, si kila kifurushi hutoka kwenye ghala moja. Baadhi ya madereva ya printa hutolewa na kampuni iliyotengeneza printa. Bila kuhifadhi anwani ya ghala hilo pamoja na ufunguo wake wa kuthibitisha uhalali, jina litakuwapo kwenye orodha lakini kitalu hakitajulikana kilipo. Kama dereva ililetwa kwa faili moja moja, faili hilo lihifadhiwe lenyewe.

Tatu, Ubuntu za karibuni zina njia zaidi ya moja ya kuleta programu. Tangu toleo la mwaka 2022 kivinjari cha Firefox huja kwa utaratibu uitwao snap, ambao hauonekani kwenye orodha ya dpkg kwa namna ile ile. Ofisi inayotumia snap au flatpak ichukue pia orodha za amri za snap list na flatpak list. Karani anayeingia kwenye mifumo ya Serikali kwa kivinjari hawezi kulipuuza hili.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, vitalu navyo hufungwa. Toleo la Ubuntu la muda mrefu hupewa masahihisho ya kawaida kwa miaka mitano, na likishapitwa kabisa na wakati vifurushi vyake huondolewa kwenye maghala ya kila siku na kuhamishiwa kwenye hifadhi ya zamani. Programu nazo hubadilika. Jambo OpenOffice ya mwaka 2004 ilijengwa juu ya OpenOffice.org. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waandishi wa programu hiyo walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 kampuni ya Oracle ikajitoa katika OpenOffice.org. Aliyebaki na jina la zamani tu alijikuta anauliza kitu ambacho duka limekwisha kuacha kukiuza.

Kwa hiyo, kwa programu chache ambazo ofisi haiwezi kufanya kazi bila hizo, busara ni kuhifadhi vifurushi vyenyewe pamoja na majina yake, kama kituo cha utafiti kinavyotunza miti mama ya kukatia vikonyo. Vifurushi vinavyoletwa kwa apt-get hubaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives hadi vitakapofutwa, na vinaweza kunakiliwa kutoka hapo. Amri ya kisasa ya apt, kwa kawaida, huvifuta mara tu baada ya kusimika, hivyo fundi anayetaka kubakiza akiba anapaswa kulijua hilo.

Umuhimu wa akiba hiyo ulionekana Mei 12, 2024, pale nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana, na intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa. Mwezi Mei si wa mnada wa korosho. Tukio kama hilo likitokea Novemba, ofisi yenye vifurushi ndani ya diski itaendelea na kazi ya kuandaa malipo, na isiyo navyo itasubiri meli ya mafundi wa nyaya.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sasa kumbukumbu zinaingia kwenye mifumo ya kitaifa, kompyuta ya chama haina kitu cha kupoteza. Hoja hii ina ukweli nusu. Kumbukumbu zikiwa kwenye mfumo wa kati ni jambo jema. Lakini mfumo wa kati haujisomi wenyewe. Unahitaji kivinjari, printa na mtu wa kubofya, na vyote hivyo viko Nanyamba. Isitoshe, vyama huwa na majedwali yao ya mikopo, pembejeo na posho ambayo hayaingii moja kwa moja kwenye mfumo wa kati.

Wengine husema programu za Linux ni za bure, hivyo zikipotea zitachukuliwa tena. Bure ni bei ya duka, si nauli. Anayepewa kitanda bure Dar es Salaam bado atalipia gari la kukifikisha Nanyamba. Nauli ya programu ni bando, muda wa fundi na siku za kusubiri.

Wapo pia wanaopendekeza kunakili diski nzima kama ilivyo. Njia hii inafaa pale mashine mpya inapofanana na ya zamani, na ipo ofisi itakayoimudu. Lakini nakala ya diski nzima ni kubwa, huhitaji diski nyingine ya kuihifadhi, na hubeba hata uozo uliokuwamo. Kwa kuwa ni kubwa, watu huifanya mara moja na kuisahau. Orodha ni nyepesi, na kwa sababu hiyo inaweza kufanywa kila mwezi.

Mwisho wapo wanaoona kwamba chama kidogo kisijihangaishe, kitumie simu janja. Ni kweli karani wa leo hufanya mengi kwa simu, na si wengi wanaofahamu kwamba Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux. Lakini tatizo ni lile lile. Simu ikipotea, akaunti ya Google inaweza kurudisha programu zilizochukuliwa kwenye duka la Google. Ile iliyowekwa kwa faili kutoka kwa fundi, bila kupitia dukani, hairudi. Orodha inahitajika hata hapo.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni ya vyama vya msingi vyenyewe. Kuchukua orodha ya programu kila mwisho wa mwezi kuwe sehemu ya majukumu ya karani yaliyoandikwa, sambamba na kufunga hesabu. Orodha itunzwe sehemu mbili, moja ofisini na nyingine nje ya jengo la chama, kwa sababu moto na mwizi havichagui. Bei ya flashi mbili haizidi bei ya kilo chache za korosho.

Pamoja na hayo, lazima itofautishwe nakala ya programu na nakala ya kumbukumbu. Orodha ya programu haina jina la mkulima yeyote. Kumbukumbu za wakulima zina majina, namba za simu na akaunti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayezishika azilinde. Flashi ya kumbukumbu ifungwe kwa nywila, na nywila hiyo ijulikane kwa zaidi ya mtu mmoja mwenye dhamana. Vinginevyo karani akiugua, chama nacho kinaugua.

Hatua ya pili ni ya chama kikuu pamoja na Halmashauri ya Mji wa Nanyamba, ambayo tangu ilipoanzishwa mwaka 2015 imekuwa karibu zaidi na vijiji hivi kuliko ofisi za Mtwara mjini. Hapa ndipo uchumi wa wingi unapofanya kazi. Hakuna sababu ya kila chama kuvuta vifurushi vile vile kwa bando lake. Diski moja ya nje inatosha kubeba programu zinazotumiwa na vyama vyote vya eneo, ikasasishwa sehemu moja yenye intaneti nzuri na kuzungushwa kwa pikipiki kila baada ya muda. Ghala zima la Debian kwa aina moja ya kompyuta ni mamia ya gigabaiti, lakini ofisi za ushirika hazihitaji ghala zima. Zinahitaji rafu moja.

Ili rafu hiyo iwezekane, vyama vikubaliane kutumia toleo moja la Linux. Mmoja akiwa na toleo hili na jirani yake lile, diski ya pamoja haitamfaa yeyote kikamilifu. Viongozi wa ushirika wanajua faida ya kununua pembejeo kwa pamoja. Hii nayo ni pembejeo.

Hatua ya tatu inahusu muda. Nakala ya akiba ambayo haijajaribiwa ni sawa na pampu ya kupulizia ambayo haijawahi kujazwa maji. Hakuna anayejua kama inavuja. Kati ya Julai na Septemba, wakati mashambani kazi ni kupulizia mikorosho na ofisi haijaelemewa na foleni ya wakulima, kila chama kichukue kompyuta ya akiba au hata ile mbovu iliyofanyiwa ukarabati, kiweke Linux upya, kisomeshe orodha, na kuchapisha risiti moja ya majaribio. Risiti ikitoka sawasawa, chama kiko tayari kwa msimu. Ikikataa, tatizo litakuwa limegunduliwa mwezi ambao halimuumizi mkulima.

Jaribio hilo linaweza kufanywa na vijana waliosoma kompyuta katika shule na vyuo vya mkoa, kwa posho ndogo na usimamizi wa ofisa ushirika. Faida yake ni mbili. Chama kitapata uhakika, na ujuzi utabaki eneo husika badala ya kuondoka na fundi mmoja kila anapopata ajira kwingine.

Hatua ya nne ni ya wanachama. Katika mkutano mkuu mkulima ana haki ya kuuliza bei, makato na mishahara. Aongeze swali moja: kompyuta ya chama ikiungua leo usiku, malipo yatachelewa siku ngapi? Uongozi wenye majibu utajibu kwa dakika moja. Uongozi usio na majibu utasema suala hilo ni la kitaalamu, na mwanachama asikubali jibu hilo, kwa sababu hata mzani ni wa kitaalamu na bado hukaguliwa hadharani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa unazibwa kwa faili dogo la kilobaiti 100 na saa moja ya karani kila mwezi. Ukuta hujengwa kwa fedha za mkulima ambaye korosho zake zimekwisha kupimwa, zimekwisha kuuzwa na zimekwisha kulipiwa, lakini jina lake limefungiwa ndani ya kompyuta ambayo hakuna anayejua ilikuwa na nini.